Maswali na majibu: "How come?" ni "kwa nini" au "mbona"?

Swali: Binti yangu, tangu aanze kutazama katuni za Kimarekani, kila nikimwambia kitu anauliza "How come?" Ina tofauti gani na "Why?"

Jibu: Ni ndugu, ila si mapacha. "Why" ni "kwa nini" ya kawaida, hata karani anayejaza fomu anaitumia. "How come" ina mshangao ndani yake: muulizaji ameshaliona jambo na halimwingii akilini. Sisi hapo tuna "mbona". Mgeni akifika mlangoni ukamwambia "Mbona umekuja?", atajua hukumtarajia, na pengine atageuza. Basi binti yako anakuambia, "Mbona hivyo, mama?" Mjibu tu.

Swali: Niliandika "How come are you late?" mwalimu akanikata alama. Kosa liko wapi?

Jibu: Mwalimu yuko sahihi. Baada ya "why", "are" huruka mbele ya "you": "Why are you late?" Baada ya "how come" hairuki: "How come you are late?" Sababu ni kwamba maneno hayo mawili ni mabaki ya swali refu lenye maana ya "imekuwaje hata...", na kinachofuata ni sentensi ya kawaida isiyopinduliwa. Sema moyoni "Imekuwaje umechelewa?", kisha andika kwa mpangilio huohuo. Wanaojifunza Kiingereza wengi hukwama hapa, na vitabu vingi vya sarufi hupapita mbio.

Swali: Msemo huu ulianzia wapi?

Jibu: Umeota Marekani, mbegu ni ya Uingereza. Mwaka 1848 John Russell Bartlett aliuingiza katika kamusi yake ya maneno ya Kimarekani, akaeleza kuwa watu wa Virginia huutamka harakaharaka, "huc-cum". Yeye aliamini uliletwa na walowezi wa kwanza kutoka Uingereza, kisha ukaenea hata kwa Waafrika waliokuwa utumwani. Dhana yake ina mashiko. Katika The Tempest ya Shakespeare, Miranda anamuuliza baba yake "How came we ashore?", yaani walifikaje nchi kavu. Umbo si lilelile, lakini ukoo unaonekana.

Swali: Naweza kuutumia kwenye barua ya kuomba kazi?

Jibu: Hapana. Huo ni wa barazani.