Moto wa gari la umeme: nimwage maji au nikimbie?

SWALI: Habari za kazi, afande wa zimamoto. Nina gari la haibridi, la petroli na umeme pamoja, nililolinunua likiwa limeshatumika, na sasa mke wangu anataka tuongeze la umeme mtupu. Shemeji yangu ni fundi umeme wa majumbani, naye ametutisha kwelikweli. Anasema betri ya gari ikishika moto haizimiki, na ukithubutu kuimwagia maji umeme utakurukia ufe hapohapo. Chini ya kiti nina mtungi wa kuzimia moto, wa unga, kilo moja. Unatosha? Maji ni mwiko kweli? Na haibridi yangu nayo iko kwenye hatari hiyohiyo?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Shemeji yako kapata nusu na kakosa nusu. Asijisikie vibaya, maana hiyo nusu aliyoikosa nimeshaisikia hata kwa askari wenzangu wenye miaka mingi kazini.

Nianze na aliyoipata. Betri ya gari la umeme si kitu kimoja. Ni sanduku lililozibwa maji yasipenye, limelazwa chini ya sakafu, na ndani yake zimepangwa seli, yaani betri ndogondogo, mamia au hata maelfu. Kila seli ina upande chanya na upande hasi, katikati yao kuna utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, na vyote vimelowana elektroliti, kimiminika ambacho chenyewe kinawaka. Seli ikibondwa kwenye ajali, ikichajiwa kupita kiasi, ikiingiwa na maji ya chumvi au ikitoka kiwandani na kasoro, joto lake linaanza kupanda. Likifika nyuzi 130 hivi, utando unayeyuka, chanya na hasi zinagusana, na shoti inatokea ndani kwa ndani. Likipita 200, kemikali za upande chanya katika betri nyingi za lithiamu zinaanza kuachia oksijeni zilizoibeba. Hapo seli haina tena haja ya kiberiti. Inajipasha yenyewe, inapasuka, inamwunguza jirani, jirani naye anamwunguza wa kwake. Sisi kazini tunasema joto limeponyoka.

Wanafunzi wangu huwa nawaonyesha kwa seli 12 tu, kila moja ukubwa wa kidole gumba, zimefungwa pamoja katikati ya uwanja. Tunaipasha moto ile ya pembeni. Kwa dakika kadhaa hakuna kitu, na vijana wanaanza kupiga soga. Mara unasikia tssss, kama chupa ya soda inayofunguliwa taratibu, na moshi mweupe mzito unatambaa chini. Sekunde chache, pa! Ulimi wa moto unaruka pembeni. Mwanafunzi anamwaga unga, moto unapotea, wenzake wanampigia makofi. Mimi nakaa kimya nahesabu moyoni. Sijawahi kuhesabu mbali. Tssss nyingine, seli ya pili, na moto unarudi kupitia katikati ya unga uleule.

Kwa hiyo mtungi wako kwa betri hautoshi, na hata ungekuwa wa kilo tisa usingetosha. Unga unakata miali ya moto inayoonekana, lakini haupoozi kitu. Gesi ya kaboni dioksidi vilevile. Wapo pia wanaouza mitungi ya kuzimia moto wa metali wakidai ni ya betri za lithiamu. Usinunue kwa ajili hiyo. Mitungi ile ni ya metali inayowaka, wakati kinachowaka zaidi kwenye betri hizi ni elektroliti, plastiki na gesi. Betri inahitaji kuondolewa joto, na kitu kinachobeba joto kuliko vyote tulivyo navyo kwa wingi ni maji.

Hapo ndipo tunapopishana na shemeji. Yeye anafikiri kwa umeme wa nyumbani, ambao mfumo wake umeunganishwa na ardhi, ndiyo maana ukigusa waya wenye umeme ukiwa umesimama chini mzunguko unakamilikia mwilini mwako. Umeme mkubwa wa gari haukuunganishwa na ardhi, wala na bodi ya gari. Unaotoka chanya unatafuta kurudi kwenye hasi ya betri hiyohiyo, basi. Ili ukupitie, lazima mwili wako uunganishe pande zote mbili. Askari aliyesimama mbali akirusha maji kwa mpira hayuko kwenye njia hiyo. Isitoshe, gari likizimwa, au mifuko ya hewa ikifyatuka, swichi kubwa zilizomo ndani ya sanduku hujikata na nyaya nene za rangi ya machungwa hubaki bila umeme. Ndani ya sanduku lenyewe umeme unabaki, na volti 400, kwa baadhi ya magari 800, si za kuchezea. Ndiyo maana hatukati nyaya hizo ovyo, wala hatutoboi sanduku kwa mtaimbo hata kama maji yanagoma kuingia.

Na yanagoma kweli. Sanduku lililotengenezwa lizuie maji ya mvua linazuia na ya kwetu, kwa hiyo tunapooza kwa nje, kutoka chini na ubavuni, muda mrefu. Mwongozo wa Tesla kwa waokoaji wa Model S ulitaja takriban lita 11,000, wakati gari la petroli mara nyingi linamalizwa na tangi la gari moja la zimamoto. Renault wao wameweka tundu maalumu juu ya betri, limezibwa kwa kifuniko kinachobanduka kikipigwa na maji ya mpira wetu, ili maji yaingie moja kwa moja kwenye seli. Laiti wote wangefanya hivyo.

Lakini hayo ni ya zimamoto. Maji si mwiko, ila ndoo yako haitabadili chochote, na sababu ya kukutaka ukae mbali si umeme. Ni ule moshi mweupe. Watu wanaudhani mvuke. Ndani yake mna hidrojeni, kaboni monoksidi, gesi nyingine zinazowaka, na hidrojeni floraidi inayounguza macho na mapafu. Sisi wenyewe hatuusogelei bila mitungi ya hewa mgongoni. Uwanjani unapeperuka. Ndani ya gereji iliyofungwa unajikusanya, na cheche moja inatosha kung'oa mlango. Agosti 2024 mjini Incheon, Korea Kusini, gari la umeme lililokuwa limeegeshwa tu, halichajiwi, lilishika moto kwenye maegesho ya chini ya majengo ya makazi. Vinyunyizio vya maji havikufanya kazi kwa sababu vilikuwa vimezimwa, na magari mengine mengi yakateketea. Mimi somo la Incheon nalisoma zaidi kwenye vile vinyunyizio kuliko kwenye gari.

Sasa haibridi yako. Kama ni ya zamani kidogo, kuna uwezekano mkubwa betri yake si ya lithiamu kabisa. Chukua Toyota Prius ya kizazi cha pili na cha tatu: betri yake ni ya nikeli, volti 201.6, na elektroliti yake ni ya maji, haiwaki, ingawa inachoma ngozi. Joto haliponyoki kwa namna niliyoieleza. Haibridi mpya nyingi zina lithiamu, lakini betri ni ndogo, kilowati-saa moja au mbili, ukilinganisha na 40 hadi 100 za gari la umeme mtupu. Zile za kuchomeka ukutani ziko katikati, na kwangu ndizo zenye kazi, maana zina lithiamu ya kutosha na tangi la petroli juu yake.

Kinachounguza haibridi mara nyingi ni vitu vilevile vinavyounguza gari lolote: petroli inayovuja, oili iliyodondokea ekzosi, nyaya za volti 12 zilizoungwaungwa na fundi wa redio na king'ora. Pale mtungi wako wa kilo moja una kazi yake. Waya ukianza kufuka kwenye dashibodi au kiti kikishika moto, utumie, tena haraka. Ukiona moshi unatoka chini ya sakafu au nyuma ya kiti cha nyuma, au ukisikia ile tssss, uache mtungi palepale. Na kwa kuwa tumefika kiti cha nyuma: kwenye haibridi nyingi kuna tundu lenye vichujio pembeni mwa kiti hicho, ndipo betri inapovutia hewa ya kujipoza. Watu wanalisukumia mabegi na mablanketi. Liache wazi, na lisafishwe vumbi.

Gari likitoa onyo la betri ukiwa barabarani, egesha mbali na majengo, weka P, zima kwa kitufe mpaka taa ya READY ipotee, shusha watu wote. Hiyo READY usiipuuze. Haibridi inaweza kuwa kimya kabisa na bado iko tayari kuondoka, au injini ikajiwasha mkono wa mtu uko chini ya boneti. Kanuni namba 100 ya Umoja wa Mataifa, katika toleo lake jipya, inataka gari litoe onyo angalau dakika 5 kabla seli iliyoponyoka haijahatarisha abiria. Dakika 5 zinatosha kutoka, hazitoshi kurudi kuchukua laptopu. Simameni upande upepo unakotokea, na ukipiga simu zimamoto, neno la kwanza liwe aina ya gari: haibridi au umeme.

Moto ukishazimwa usilipeleke gari gereji. Mwaka 2011 Chevrolet Volt iliyokuwa imegongeshwa kwenye majaribio ya usalama Marekani ilikaa uwanjani zaidi ya wiki tatu, kisha ikawaka yenyewe na kuunguza magari ya jirani. Tunashauri liachwe peke yake, mita 15 kutoka kwenye kitu chochote. Vivyo hivyo kwa lililozama kwenye maji ya chumvi: baada ya kimbunga Ian huko Florida mwaka 2022, magari ya umeme yaliyofurikwa na maji ya bahari yaliwaka siku kadhaa baadaye. Usijaribu kuliwasha, wala usilichomeke kwenye chaja kupima kama ni zima.

Mwambie mkeo asiogope. Sweden, yenye magari ya namna hii takriban 611,000 kwa hesabu ya mwaka 2022, ilikuwa ikiripoti moto wa wastani wa magari 16 kwa mwaka. Ni kweli mengi ya hayo ni mapya, na magari mapya huungua kidogo, lakini hata ukipunguza kwa sababu hiyo, petroli bado inaongoza kwa mbali. Mkilipata la kununua, angalieni kwa namba ya chasi kama liliwahi kuitwa na kiwanda kwa ajili ya betri, na kama kazi ilifanyika. General Motors iliwahi kuziita Chevrolet Bolt zaidi ya 140,000 kwa kasoro mbili zilizojificha ndani ya seli, na wenye magari waliambiwa wasiegeshe ndani ya nyumba.

Na shemeji akija kulitazama, mfungulie boneti azione hizo nyaya za rangi ya machungwa. Kwa macho tu.