Barua kwa mwanangu: sukari ya babu na mkono wake wa kulia

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama kisukari cha babu yako ndicho kilichomletea Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukaza mwili, na kama sasa, kwa kuwa nami nina sukari, ujiandae kwa yote mawili. Kila nikianza kukujibu linanijia lile la saini.

Mwandiko wa babu unaujua, barua zake mjomba wako anazo hadi leo. Basi kabla mkono haujaanza kutetemeka, herufi zilianza kupungua. Mstari unaanza vizuri, ukifika katikati maneno yamesinyaa. Ikafika siku karani akamrudishia fomu ya pensheni mbele ya watu: "Mzee, hii si saini yako." Akaandika tena, ikatoka ndogo zaidi. Akaambiwa akae pembeni. Nilikuwa nimemshika kiwiko, nikamsikia anavyohema. Mtu aliyesaini vyeti vya wanafunzi miaka yote ile, aambiwe hajui kuandika jina lake mwenyewe! Neno lile bado linanichoma.

Kliniki nako kila kitu kilikuwa sukari. Mkono unatetemeka: sukari imeshuka. Anaburuta mguu: sukari imeharibu mishipa ya fahamu. Bega limekaza: sukari. Choo kigumu: sukari. Na kisukari kweli huweza kuleta hayo yote, ndiyo maana hakuna aliyehoji. Lakini mtetemo wa sukari kushuka huja na jasho na njaa, na mtu akila kitu kitamu hutulia. Wa babu ulikuwa wa mkono mmoja, tena ukiwa umelala mapajani. Akiunyoosha kushika kikombe unapungua. Daktari James Parkinson aliueleza mtetemo wa namna hiyo tangu 1817, haukuwa siri. Si kila kinachompata mwenye kisukari ni kisukari. Umelisikia kwangu mara nyingi, na bado utalisikia.

Haya, swali lako. Tafiti zilizofuatilia watu wengi kwa miaka zimeona kwamba wenye kisukari cha aina ya 2 hupata Parkinson kwa kiwango kinachowazidi kidogo wasio nacho. Insulini ina kazi hata kwenye ubongo, na mwili ukiacha kuiitikia, huenda seli zinazotengeneza dopamini, ile kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo wa mwili na ambayo hupungua kwa mwenye Parkinson, nazo zikaumia. Nikisoma hayo nasema, ndiyo hiyo hiyo. Halafu najibishana: mbona wengi mno wenye kisukari wanazeeka bila Parkinson? Dawa moja ya kisukari, eksenataidi, ilijaribiwa London kwa wagonjwa 62 wa Parkinson, na matokeo ya 2017 yakatia matumaini. Jaribio kubwa zaidi lililotangazwa 2025 halikuona faida. Kama magonjwa haya ni ndugu wa tumbo moja, mbona dawa ya huyu haimgusi yule? Ila nalo halikati shauri. Dawa kushindwa hakuthibitishi kwamba undugu haupo.

Kuhusu damu yetu: zipo jeni, kama LRRK2 na GBA1, zinazoweza kupitisha Parkinson katika ukoo, lakini wagonjwa wengi hawana urithi wa wazi, na hata wenye jeni hizo si wote wanaougua. Kisukari cha aina ya 2 ndicho kinachopita sana ndani ya familia, na kwetu kimeshapita kwa babu kikanifikia mimi. Kati ya hayo mawili, hicho ndicho kinachoninyima usingizi juu yako.

Natamani nikuandikie "hakuna uhusiano, lala." Kalamu iko mkononi, na naizuia kwa shida. Kapime sukari, kwa kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu iliyopita, wala usingoje kiu. Tembea kila siku. Na ukiniona natembea mkono mmoja hauyumbi, au nasema chakula hakina harufu, usikubali mtu aniambie ni sukari tu kabla daktari wa mishipa ya fahamu hajanikagua.

Mama yako