Binti wa Spider-Man alikufa au aliibwa?

Mnabishana bure, jamani. Anayesema alikufa ana ukurasa wa kuonyesha, na anayesema aliibwa naye anao. Fungueni jarida la katuni Amazing Spider-Man, toleo la 418 la mwaka 1996. Mary Jane, mke wa Peter Parker (ndiye Spider-Man), anajifungua, anaambiwa mtoto amezaliwa mfu. Kisha tunamwona Alison Mongrain, mtu wa Norman Osborn, adui mkubwa wa Spider-Man, akikabidhi kifurushi. Kilichomo hakionyeshwi, na hapo ndipo ugomvi wote ulipoanzia.

Ikapita kama miaka miwili. Kwenye hadithi ya Final Chapter (1998) Mongrain, akiwa anakata roho, anasema May yu hai. Mashabiki wakajua mtoto huyo anarudi. Wapi! Aliyepatikana ni May, shangazi yake Peter, yule aliyezikwa toleo la 400 mwaka 1995. Wakatuambia aliyekufa kule alikuwa mwigizaji. Ujanja wa majina tu, maana mtoto naye alikusudiwa kuitwa May. Kilichokuwa kwenye kifurushi hakikuelezwa.

Spider-Girl, yaani binti huyo akiwa amekua, msimlete hapa kama ushahidi. Yule alianzia jarida la What If 105 (1998), na katika hadithi zake Kaine, nakala (clone) ya Peter, anamrudisha mtoto kwa wazazi wake, lakini huo ni ulimwengu mwingine kabisa.

Kwa maoni yangu walimkwepa kwa sababu baba mwenye mtoto huonekana mzee, nao walimtaka Peter kijana. Tazama hadithi ya One More Day, 2007: hata ndoa yenyewe waliifuta kwa mkataba na Mephisto, yule shetani wa Marvel. Ndoa ikishafutwa, huyo mtoto utamrudishia wapi?