Mary Beale, mchoraji aliyelisha familia

Umeuliza kama Uingereza ya karne ya 17 ilikuwa na mwanamke aliyeishi kwa uchoraji. Yupo: Mary Beale (1633–1699), binti wa kasisi wa Suffolk. Mumewe Charles alipopoteza kazi serikalini, familia ikategemea brashi ya mke, kwenye studio yao mtaa wa Pall Mall, London. Picha ya kichwa pauni 5, ya nusu mwili 10. Charles alitayarisha rangi na kuandika daftarini kila mteja na malipo. Mimi madaftari hayo yananivutia kuliko picha nyingi alizochora Mary! Mwaka 1677 alipata oda 83. Hata Peter Lely, mchoraji wa mfalme, alimruhusu amtazame akichora.