Jibu: Matembezi ya mashambani na kando ya mto, karibu na Dar

Mkuu, umeuliza pa kutembea kwa miguu kati ya mashamba na mto bila kwenda mbali na Dar, na mwezi gani unafaa. Mimi ningekupeleka bonde la Mto Mpiji, ule unaopakana na Bagamoyo. Panda daladala mpaka Bunju, kisha bodaboda kuelekea Mabwepande, halafu uliza njia ya kushukia mtoni.

Subiri masika iishe. Aprili udongo unanata na mto unaweza kujaa ghafla, hata kama kwako hakujanyesha, kwa sababu maji yanatoka juu huko. Juni, kipupwe kikianza, ndiyo raha yenyewe: majani bado mabichi na jua halichomi. Kwenye mpunga unaokaribia kuvunwa utakuta watoto wanaamia ndege, wanapiga madebe na kupaza sauti tangu alfajiri. Simama uangalie. Kundi zima linainuka kwa pamoja, linageuka angani, na kabla hujavuta pumzi limeshatua jaruba la pili.

Vaa suruali ndefu, kishona nguo kimejaa kwenye vichochoro. Usikanyage tuta la mtu, piga hodi, salimia wazee, na ukiruhusiwa ndipo upite. Maji yaliyotuama usiingize miguu, kichocho kipo ukanda huu.

Mto Ruvu nao ni mzuri, ila una mamba na viboko. Huko usitembee kingoni bila mwenyeji.