Mbwa akitoka msituni, aoge kwanza

Wenzangu mnaoishi huku Marekani na mmefuga mbwa, kuna mmea mmoja ambao inafaa muujue kwa sura kabla joto halijaanza: poizoni aivi, ambao mafuta yake huwasha ngozi ya mtu na kuitoa vipele. Mbwa wengi haufanyi lolote kwao. Manyoya yanawakinga. Shida ni kwamba mbwa hupenya katikati ya majani yake, akarudi nyumbani na mafuta ya mmea ule mwilini, na atakayejikuna usiku kucha ni mtoto aliyemkimbilia mlangoni.

Kwetu Maryland aliyeumia ni dada yangu, mtu asiyekanyaga msituni hata siku moja. Anafanya kazi usiku, mchana analala. Mimi ndiye ninayemtembeza mbwa wetu, Chui, mara nyingi katika Patapsco Valley, ile hifadhi inayofuata mto karibu na Baltimore. Dada alianza na vipele vilivyojipanga mstari mkononi, kisha yakaja malengelenge, shingo nayo ikafuata. Kliniki ya kwanza walisema ni kunguni, tukafua mashuka na kupindua magodoro bure. Daktari wa pili aliuliza swali moja tu: "Mna mbwa?" Ndipo tukaelewa. Kila asubuhi dada akirudi kazini, Chui humlalia mapajani pale kwenye kochi, naye humkuna shingoni, chini ya kola.

Mafuta yenyewe yanaitwa urushioli. Yamo kwenye majani, shina na mizizi, na hata wakati wa baridi, majani yakiwa yamepukutika, shina tupu linawasha vilevile. Huu mmea ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Aliyewahi kuchubuka midomo kwa utomvu wa embe, au kuunguzwa vidole na mafuta ya ganda la korosho, ameshakutana na binamu zake. Na kiasi kinachotosha kumdhuru mtu ni kidogo kuliko punje ya chumvi.

Tofauti yake na upupu ni hii: upupu hukuwasha papo hapo, ukajua ulipoupata. Urushioli hunyamaza. Kwa aliyewahi kuipata, vipele hutokea baada ya siku moja au mbili hivi. Kwa anayeipata mara ya kwanza, mwili unaweza kuchukua hata wiki mbili au tatu. Fikiria mgeni wako aliyetoka Tanga au Kisumu, amecheza na mbwa Jumapili, na mwili unamvimba wakati hata ile matembezi ameshaisahau. Nani atamshuku mbwa?

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni kuosha, na kuosha kuna namna yake. Vaa nguo ya mikono mirefu na glavu nene. Wengi wetu tunafanya kazi za kuuguza na tuna maboksi ya glavu nyembamba nyumbani. Zile za lateksi mafuta haya hupenya, kwa hiyo tumia nzito za kufanyia usafi. Kama hali ya hewa inaruhusu, mwoshee nje. Shampuu ya mbwa inafaa, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo inafaa pia, kwa sababu inakata mafuta. Maji yawe ya uvuguvugu. Sugua hadi kwenye ngozi, hasa miguu, tumbo na kifua, suuza kwa maji mengi, kisha rudia. Usoni tumia kitambaa, na sabuni isiingie machoni. Taulo iende moja kwa moja kwenye mashine ya kufulia, isikae kikapuni na nguo za watoto.

Halafu vitu vyake. Hapa ndipo wengi hukwama, maana mbwa ameoshwa vizuri lakini kamba imening'inizwa palepale jikoni. Urushioli inaweza kukaa kwenye kitu kwa miezi mingi bila kupoteza nguvu. Osha kola, kamba, kitanda chake, na futa kiti cha gari kwa sabuni. Sisi tuliacha kabisa kamba ya ngozi tukanunua ya nailoni inayofulika. Mwisho oga wewe mwenyewe, na viatu visisahauliwe.

Mkononi mwa dada malengelenge yalipopasuka, baadhi ya watu walianza kumkwepa kwenye mikusanyiko, na iliniuma kuona hivyo. Maji ya malengelenge hayaambukizi. Mafuta yakishaoshwa, huwezi kumpa mtu mwingine ugonjwa huo kwa kumshika mkono.

Mbwa naye, mara chache, huathirika mahali penye manyoya machache: tumboni, kinenani, puani. Ukiona wekundu na anajilamba bila kupumzika, mpeleke kwa daktari wa wanyama. Akila majani anaweza kutapika au kuhara, na kwa kawaida hupita. Akivimba uso au kupumua kwa shida, usisubiri. ASPCA, shirika la Marekani la kutetea wanyama, lina simu ya sumu za wanyama inayopokewa mchana na usiku, ingawa huenda ukatozwa ada. Lakini nakuomba, usimpake losheni ya kalamaini uliyonunuliwa wewe. Ina zinki, na mbwa atailamba. Usimpe ibuprofeni pia. Kwa mbwa ni sumu.

Kuutambua: majani matatu kwenye kikonyo kimoja, la katikati likiwa na kijiti kirefu kuliko mawili ya pembeni. Masika majani hung'aa yakiwa na wekundu, vuli huwa mekundu ya moto, na matunda yake ni meupe. Mmea huu ukiparamia mti, shina lake huota vinyweleo kama kamba ya katani. Wenye majani matano ni mmea mwingine. Walio California, Oregon na Washington wana ndugu yake, poizoni oki, na mafuta ni yaleyale.

Ukiukuta nyuma ya nyumba, ung'oe na mizizi ukiwa umejifunika, uufunge kwenye mfuko. Kuna miji inayokodi mbuzi waje waule, nao hawadhuriki, ingawa manyoya yao hubeba mafuta kama ya mbwa. Usiuchome moto kama tulivyozoea kuchoma magugu nyumbani. Moshi hubeba urushioli, na ukiuvuta, vidonda vile vinatokea kooni na kwenye mapafu, ambako sabuni haifiki.