Umeme wa gari la zamani: maswali ya wasomaji

SWALI: Gari langu ni la mwaka 1991. Likilala usiku mmoja tu, asubuhi staata inagonga tak-tak na injini haiwaki. Nimeshabadilisha betri mara mbili. Shida ni nini?

JIBU: Tafadhali usinunue ya tatu. Ama betri haichajiwi, ama kuna kitu kinaifyonza gari likiwa limezimwa, na mita ya kupimia umeme (multimita) ya bei ndogo itakuonyesha ni lipi. Pima volti gari likiwa limepumzika: 12.6 betri imejaa, 12.2 imebaki kama nusu. Washa injini na taa kubwa, upime tena. Ukipata kati ya 13.8 na 14.4, alteneta (jenereta ndogo inayozungushwa na injini) inachaji. Ikiwa chini ya 13, kagua mkanda na waya mnene wa alteneta kabla ya kuilaumu alteneta yenyewe.

Kama inachaji, mtafute mwizi. Zima kila kitu, funga milango, toa waya wa hasi kwenye betri, kisha weka mita kwenye ampea 10, iwe kati ya waya huo na kichwa cha betri. Usipige staata mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake papo hapo. Gari la umri huo lenye saa na redio halipaswi kuvuta zaidi ya miliampea 50. Likivuta 300, chomoa fyuzi moja moja, ukiirudisha kila moja kabla ya kugusa nyingine, mpaka namba ishuke. Mara nyingi ni taa ya buti au ya kabati la dashibodi ambayo swichi yake imepinda, kwa hiyo haizimiki: gusa balbu, utaikuta ina moto.

Namba isiposhuka hata kwa fyuzi moja, toa mita, hakikisha waya wa hasi haujagusa betri, fungua waya mnene wa alteneta na uuzungushie utepe, kisha pima upya. Ikishuka sasa, mwizi ni diodi ndani ya alteneta, kijisehemu kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Diodi iliyokufa huvujisha umeme usiku kucha, na bado alteneta hiyohiyo inaweza kuchaji mchana. Ndiyo maana hata mafundi huipita.

SWALI: Nikiwasha indiketa ya kushoto, taa nyingine za nyuma upande huo nazo zinapepesa, hafifu. Nibadilishe rilei?

JIBU: Hapana, hiyo ni ethi mbovu, yaani muunganisho wa taa na bodi ya gari. Umeme ukikosa njia ya kurudi kwenye bodi, hujipenyeza kupitia balbu za jirani. Washa taa, weka ncha moja ya mita kwenye ethi ya soketi na nyingine kwenye hasi ya betri. Ikizidi volti 0.2 hivi, fungua skrubu ya ethi, kwangua kutu na rangi hadi chuma king'ae, kaza vizuri, ndipo upake grisi kwa juu. Ukikuta shaba imegeuka nyeusi ndani ya plastiki ya waya, kata nyuma mpaka ufikie shaba safi, maana skrubu nzuri haiwezi kuokoa waya uliooza.